Sitini na Tano

Mti wangu una mzizi juu.
Nyamwaji, mpimaji wa mizani, aliponiona nikiuchora
nyuma ya risiti ya salfa, alisema:
"Umeshika karatasi kichwa chini, mwanangu."
Hapana. Ndivyo unavyoota huu.
Mdogo huenda kushoto, mkubwa huenda kulia,
na kila unapofika unauliza swali lilelile
mpaka ukute mtu, au ukute pengo.

Chama chetu cha zabibu, hapa Hombolo,
kina watu mia tatu na kumi na wawili
ndani ya daftari lililoonjwa na mchwa.
Kumpata mmoja ni mate ya kidole na nusu saa.
Kwenye mti uliosimama vizuri, ni maswali tisa.

Nilianza na wanane wa majaribio:
hamsini, thelathini, sabini,
ishirini, arobaini, sitini, themanini,
na mwisho kabisa sitini na tano.
(Kabla ya hapo niliwapanga mdogo hadi mkubwa,
mti ukalala wote upande mmoja
kama mgunga uliozoea upepo wa Julai.
Haukuwa mti tena. Ilikuwa foleni ya ndoo bombani.)

Kuingiza kulikubali. Kutafuta kulikubali.
Ikabaki kazi niliyokuwa naizunguka: kuondoa.

Jani huondoka bila kelele.
Mwenye mtoto mmoja humwachia mtoto nafasi.
Lakini hamsini ana watu pande zote mbili,
na hamsini ni mzee Lechipya,
tuliyemzika mwezi wa tatu,
mkasi wake wa kupogolea ungali ukutani.
Katibu amesema: "Mfute. Hatulipi marehemu."

Kanuni ni hii: nenda kulia mara moja,
kisha kushoto, kushoto, hadi kushoto kuishe.
Utakayemkuta hapo ndiye mrithi wa kiti.
Kulia, sabini. Kushoto, sitini. Kushoto tena, hakuna.
Sitini akapanda juu. Skrini ikatulia.
Nikachemsha chai, nikajiona fundi.

Umeme ulikatika, ukarudi saa nane usiku.
Kwa kukosa usingizi nikaandika jaribio la kitoto,
lile la mchunga mbuzi mlangoni pa zizi:
wameingia wangapi, wamebaki wangapi.
Wanane, toa mmoja.
Nilingoja saba.
Mashine ikajibu sita.

Ishirini, thelathini, arobaini,
sitini, sabini, themanini.
Nikarudia kwa vidole, kana kwamba vidole
vingenionea huruma.
Sitini alikuwa na mtoto wa kulia.
Nilimpandisha mzazi kitini,
mwana nikamwacha hewani, hana wa kumshika.
Wala hapakuwa na ujumbe wa kosa. Kimya tu, kimya safi.

Na sitini na tano, daftarini, ni Mbeleje Chibago,
kreti arobaini na moja za zabibu nyekundu,
ambaye keshokutwa angesimama dirishani na stakabadhi zake
nami ningemwambia, kwa heshima zote:
"Mama, haupo."

Mstari mmoja ulitosha:
kabla sitini hajapanda, mwanawe akabidhiwe sabini.

Saba.

Sikuamini. Nikaondoa asiyekuwepo. Nikaondoa kwenye mti mtupu.
Nikapanda mmoja peke yake, nikamng'oa.
Nikang'oa mzizi, na mzizi, na mzizi,
hadi sifuri, na sifuri nayo nikaihesabu.

Asubuhi Nyamwaji akaja, vumbi hadi kwenye kope.
"Umemfuta mzee?"
"Nimemfuta."
Akaitazama karatasi, mahali kalamu ilipokata hamsini,
akanyamaza kidogo.
"Haya. Nitafute na mimi. Mia mbili na sita."
Nikamwambia bado, huu ni wa majaribio, wamo saba tu.
Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.
"Sitoki."

Zaidi ya sitini: kulia.
Zaidi ya sabini: kulia.
Zaidi ya themanini: kulia.
Pengo.
Nikamweka hapo, nikahesabu upya huku ananichungulia begani,
akisogeza midomo pamoja nami.