Mizani ya Ovidio

Mlango ni mmoja, harufu mbili.
Kulia bucha: baridi ya chuma, sakafu iliyooshwa kwa siki.
Kushoto meza kumi na moja, na jiko langu,
mafuta yakidondoka na makaa yakiyajibu.
Katikati ukutani kuna tundu, upana wa sinia;
nyama hupita hapo. Ikitoka kwa Ovidio ni pande,
ikinifikia ni chakula cha mtu.

Miaka kumi na tisa tunapitishiana mbavu tunduni.
Salamu hatuna. Tunagombana juu ya chumvi,
na mtu ukigombana naye kila siku, salamu ya nini?

Hapa ni Cerro, ng'ambo ya ghuba, ule upande
ambao Montevideo huutazama na kuuona moshi tu.
Kiwanda cha nyama kilipofungwa
baba zetu walirudi nyumbani na visu mifukoni,
kwani hakuna aliyekumbuka kuwadai.
Cha Ovidio ndicho kile kile,
kimenolewa hadi kikakonda, kimebaki uti na makali.

Mteja husimama kwanza buchani, kidole mbele:
ile. Siyo hiyo, ile iliyojificha nyuma yake.
Dereva wa basi hutaka kidari chenye mafuta,
mwalimu wa jiografia hutaka figo na hataki mkewe ajue,
na yupo kijana, Wilmar, huagiza sarara
kisha hunisihi niikaushe mpaka iwe soli.
Namkaushia. Moto wangu hauna kiburi.

Ovidio hukata, hupima, huandika uzito kwenye karatasi,
na karatasi hunijia imelowa.

Alhamisi ni siku ya Nélida Arrospide.
Koti la kijivu, saa mbili na nusu usiku, meza ya dirishani.
"Mbavu ya watu wawili. Gramu mia tisa."
Heber wake alikuwa mwendesha winchi bandarini;
tulimzika Juni, kwenye baridi ile ya kupasua midomo,
na Alhamisi iliyofuata alikuja, akaagiza vile vile.

"Mia tisa," alitamka Ovidio, kwa sauti ya kanisani.
Karatasi yangu ilisema mia tano.
Sikuuliza. Niliiweka mbavu pembeni mwa moto,
nikaizungushia viazi ili sahani isione aibu.
Hivyo hadi Oktoba.

Jana akavaa miwani.
Akainama juu ya mizani kama mtu asomaye barua ya mahakama.
"Ovidio, mizani yako ina mafua."
"Mama, kila mara unabakiza nusu."
"Nabakiza kwa sababu naagiza cha kubakiza.
Nani kakutuma unipunguzie mume?"

Bucha nzima ikanyamaza, hata friji.
Huku kwangu Wilmar akaacha kutafuna.

Wanasema mla ni mla leo, mla jana kala nini.
Waliosema hivyo hawajawahi kuandaa meza
kwa mtu aliyependa upande wenye mfupa.

Nikasikia msumeno ukiuma, taratibu,
halafu tunduni ikaja mbavu nzito,
gramu mia tisa na arobaini.
Niliipa makaa mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo,
ya kuni ngumu, zile ninazozificha hadi Krismasi.
Alikula upande wa nyama tupu.
Upande wenye mfupa ulipoa polepole,
mafuta yakiganda meupe ukingoni,
na hakuna aliyeuondoa.

Tulipofunga, uso wa Ovidio ulijaa tunduni,
mahali ambapo kwa kawaida huja mikono tu.
"Chumvi ilitosha?"
Nikamwambia ilizidi.
Haikuzidi.