Kiti cha Pili

Ukumbini Madrid waliniita kwa namba.
Mia nne na kumi na mbili kati ya maelfu:
kwa namba hiyo ningeweza kuchagua moyo, macho, ngozi.
Mama alikwisha kumwambia jirani, kupitia ukuta, kwamba ni moyo.
Nikasema: tiba ya familia. Lugo.
Karani akainua uso. "Una hakika, binti?"
Nyuma yangu mtu alicheka, si kwa ubaya,
kama anavyochekwa mgeni aliyekaribishwa nyama
akaomba viazi.

Miaka minne ya ubingwa. Bingwa wa nini, aliuliza mjomba, wa mafua?
Hospitali ilinipitisha mkono kwa mkono kama noti chakavu:
wodi ya watoto, wodi ya wazazi, dharura,
zamu ya saa ishirini na nne
nikishona paji la uso la mlevi
naye akinitajia ng'ombe wake jina kwa jina.
Kila wodi ilinikabidhi kiungo.
Hakuna iliyonikabidhi mtu mzima.

Huyo nilimkuta milimani, zahanati ya Vilaseira,
nikiwa nimekalia kiti cha pili:
kiti cha mbao ubavuni mwa Daktari Xenaro,
mguu mmoja mfupi, umekingiwa boksi tupu la vidonge vya presha.
"Keti," alisema. "Na leo usiandike."

Akaja Balbina na goti lake, mara ya nne mwezi ule.
Kichwani nilikwisha kumpiga picha, kumpa dawa, kumuaga.
Xenaro akauliza: "Na kuku?"
Mvua ikapiga kioo.
"Nimewauza. Nimkaangie nani mayai sasa?"

Kumbe goti lilikuwa limefiwa.
Hata hivyo alilishika, kwa mikono miwili, taratibu,
maana goti nalo liliuma.

Usidhani nilihitimu siku hiyo.
Mwaka wa tatu nilimwambia Amador, mchimba mawe ya paa,
kwamba kikohozi ni cha baridi.
Hakikuwa cha baridi.
Xenaro hakunikaripia. Alinipeleka kwa gari, kilomita kumi na moja za kona,
akasimama nje ya lango. "Utalisema wewe. Mimi nipo, sizimi injini."
Amador alinimiminia kahawa kwanza.
Akaniuliza kama nimekula.
Katika mitihani yote niliyofaulu sikumbuki swali hata moja;
kikombe kile kilikuwa na ufa, karibu na mkono, upande wa kushoto.

Tulianza sita. Mmoja yuko Ireland,
mmoja anapiga mihuri kwenye ofisi ya bima.
Siwalaumu: wagonjwa arobaini na tano kwa siku,
dakika sita kila mmoja,
na bibi wa milimani, majira ya theluji,
dakika sita anazimaliza akivua makoti.

Mimi nimebaki. Si ushujaa.
Nilifundishwa kuulizia kuku, na sasa kila nyumba ina kuku wake;
nikiondoka, nani atawaulizia?

Mwaka huu nimeletewa Brais, viatu vyeupe,
mwaka wa kwanza wa ubingwa.
Nimemkalisha palepale, boksi jipya chini ya mguu uleule.
Habari za Balbina nilimsimulia mara moja, labda mara tatu.
Jumanne akaingia Xenaro, sasa mstaafu, na bega lake.
Brais akaisukuma kompyuta kando, akainama mbele,
akauliza kwa sauti ya upole mno: "Na kuku?"

"Kuku gani, kijana? Nimeanguka ngazini."

Tulicheka mpaka karani wa mapokezi akachungulia.
Kisha Brais, masikio mekundu,
akafikicha viganja vyake mpaka vikapata joto,
akalishika bega
kwa mikono miwili.