Mtima wa Kuazima

Kwanza tuliitoa ile ya zamani,
elfu moja na mia tatu, imekufa kwa chumvi,
pistoni zimeshikana na kuta zake
kama ndugu waliogombea shamba hadi wakazeekea humo.
Winchi ililia kwenye boriti ya mkoko.
Nyevu akaipokea juu ya gunia:
"Fundi, mbona nyepesi?
Kumbe makelele yote yale yalitoka humu?"

Signora Fulvia alikuja na kiti chake cha kukunja.
Kiswahili chake ni cha Malindi, cha sokoni,
cha kugombana juu ya bei ya kamba.
"Torino hawajibu. Kabureta moja tu
naomba tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nitilie ya Kijapani. Nitilie kubwa.
Nina miaka sabini na minne,
sina wa kumwekea petroli."

Nikaipata Mariakani, ndani ya Mark II iliyolala ubavu:
elfu mbili, silinda sita,
ndefu kama kikao cha mahari.
Tukaipima kwa kamba ya katani.
Sentimita kumi na moja hazina pa kwenda.

Basi tukakata ukuta wa mbele ya miguu.
Rejeta nikaisogeza mpaka ikabusu taa.
Propela ikafupishwa Barani, kwa fundi wa leth
aliyetaka chai kwanza, kisha pesa, kisha chai tena.
Na boneti haikufunga.
Siku tatu nilizunguka nayo,
nikaigonga kwa nyundo ya mpira juu ya mfuko wa mchanga,
kofi kwa kofi, hadi bati jekundu
likainuka kama shavu lenye tambuu.

Nyevu akaandika ukutani kwa chaki,
kando ya nambari za simu za wadeni:

    Ukibadili mtima, breki zisibaki vile,
    Kukimbia si kuhama, njia haina milele,
    Nguvu isiyo na koma, ni mbio na makelele,
    Gari jema husimama, ndipo liitwe la mbele.

Nikamkaripia kwa kuchafua ukuta.
Kisha nikaagiza breki za diski.

Jumamosi tukawasha.
Haikukohoa. Ilinguruma kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa,
spana zikacheza ubaoni.
Signora akafunga kitambaa kichwani, akashika njia ya Gede,
nami kando yake nakanyaga breki isiyokuwepo.
Msabaha ikapita sijamaliza kuitaja.
Alicheka, yule mama. Alicheka mpaka kitambaa kikaruka.

Tulirudi kwake Casuarina saa kumi na moja.
Lango la kijani limefungwa.
Hakupiga honi. Miaka thelathini hajapiga honi hapo:
Mwambire, ambaye macho yamemfifia,
humsikia tangu kona ya msikiti,
ile sauti ya cherehani yenye mafua,
naye huvuta komeo.

Tukangoja.
Injini ikangoja nasi, nzima, haina kosa.
Ndani zikaja kandambili, zikasimama.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani? Gari hilo silijui."

Akazima. Akakaa, mikono kwenye usukani.
Nikaitazama nundu yangu ya boneti,
laini, rangi bado mbichi upande wa kushoto,
nisijue niombe radhi
au niombe salio.

Jumatatu gari likarudi kukazwa boliti.
Adhuhuri akaingia Mwambire, kwa miguu,
vumbi hadi magotini, kofia mkononi.
Hakuuliza bei wala habari.
Akapapasa bodi hadi nyuma,
akainama, sikio upande wa ekzosi.
"Niwashie."
Nikawasha.
Akasikiliza, midomo ikihesabu.
Nikazima.
"Tena," akasema.