Orodha ya Anyosisye

Anyosisye aliishi Mbeya miaka minne,
zamani, akiuza betri na tochi,
akarudi Tukuyu na koti la ngozi na maneno mengi.
Aliposikia nampeleka mama kupimwa macho
alichana karatasi katikati ya daftari la mwanawe,
akaandika kwa herufi kubwa, kama tangazo la mnada:

Moja. Supu ya utumbo, kwa Mama Sekela, Kabwe.
Mfike kabla ya saa mbili, utumbo hauna subira.
Mbili. Picha, studio ya Uhindini. Kuna pazia lenye ndege.
Mama asimame mlangoni mwa ndege, apunge mkono.
Tatu. Kuku wa kukaanga, hoteli yenye vioo.
Nne. Pandeni Loleza mwone mji wote.

Hapakuwa na tano. Karatasi ilikwisha.

Kabwe tulifika pamoja na ukungu,
vidole vimekufa ganzi ndani ya vitenge.
Kwa Mama Sekela sasa panauzwa simu.
Kijana wa dukani alijibu bila kuinua uso:
"Mimi nimezaliwa juzi, muulizeni fundi cherehani."
Fundi cherehani alikuwa mgeni wa kutoka Makete,
wiki ya pili hapo, naye akituuliza choo kiko wapi.
Tukanywa chai ya rangi tumesimama,
tangawizi ya kufufua maiti,
na chapati moja tuliyoigawana kama siri.

Hospitali: foleni, namba hamsini na tatu.
Daktari akamvika mama chuma kizito puani,
akawa anachomeka vioo na kuchomoa.
"Hiki au hiki? Hiki au hiki?"
Mama, kwa adabu: "Vyote vizuri, mwanangu,"
hadi daktari akacheka, akaanza upya.

Saa saba tukatoka na miwani ya kahawia.
Studio ina kufuli, na kufuli lina kutu.
Loleza, mama aliutazama, kisha akautazama mguu wake.
"Miaka sitini nimelala chini ya Rungwe.
Nije mjini kupanda mlima wa wenyewe?"

Hoteli yenye vioo ilikuwepo, hapo sitamsingizia Anyosisye.
Vitambaa vyeupe, maua ya plastiki yaliyopigwa vumbi.
Mhudumu akanipa mimi orodha ya vyakula
(ndivyo walivyozoea, mwenye viatu ndiye msomaji),
mama akanyoosha mkono, akaichukua.

Akasoma. Kidole chini ya kila neno,
midomo ikitembea, kama alivyosoma zaburi
kabla herufi hazijageuka siafu.
Wali. Ndizi. Samaki.
Nikadhani anachagua.
Kumbe alishavuka, yuko upande wa bei.
"Kuku, elfu kumi na nane," alisema, wala hakunong'ona.
"Huyu kuku alisomea wapi?"
Meza ya jirani mtu alipaliwa na soda.
Tuliaga vizuri. Mama alikikunja kitambaa
kama alivyokikuta.

Tukala Mwanjelwa, nyuma ya mitumba,
benchi lenye mguu mmoja wa tofali:
wali wa Kyela, unaonukia kabla haujafika,
maharage, nusu parachichi,
na pilipili aliyotuonya nayo mpishi, Tumpe,
halafu akatuwekea hivyo hivyo.

Mama aliinamia sahani kwa muda mrefu.
Nikauliza kama ameona jiwe.
"Hapana," akasema. "Naziona punje."

Akaomba kalamu.
Akaigeuza karatasi ya Anyosisye, upande mtupu,
akaandika taratibu, mistari ikipanda kilima:

Tano. Wali maharage, Mwanjelwa,
mlango wa nne toka kwa muuza vitunguu.
Ukae upande wa ukuta, benchi linacheza.
Chumvi imezidi kidogo. Nimemwambia.