Zamu ya Usiku, Wete

Nakuuliza, Shaame, usinione mmbeya.
Ulikuwa urefu gani? Mikono kumi na mitano,
na pakacha limejaa.
Ukalikumbatia lisimwagike,
ukatua kwa mguu mmoja.
Karafuu zilipona.

Miaka yako? Ishirini na miwili. Naandika.
Angekuwa babu yako, minofu imemlegea,
pana nafasi ya kuvimba.
Lakini shavu la mguu wako ni la mtu wa kupanda,
limeshiba, limebana,
na hapo ndipo ilipo hofu yangu.

Picha tumeiangalia kwenye mwanga:
pale muundi unapotandaza uwanja wake chini ya goti,
uwanja umepasuka, ufa ukateremka,
na ule mfupa mwembamba wa pembeni
nao haukutaka kubaki mzima.

Halafu mjomba. Vijiti na kamba ya usumba,
akavuta kama anafunga mbuzi wa watu.
Nimeikata kwa mkasi. Amenuna.
Na anune.

Ananiambia mshipa unapiga.
Kweli unapiga, naugusa hapa juu ya unyayo.
Na wa Mbarouk wa Kojani ulipiga vilevile,
nikaenda kunywa chai.
Asubuhi vidole vyake vilikuwa vya mtu mwingine.

Wewe umezaliwa Mtambwe, sikufundishi:
karafuu mbichi ukizishindilia kwenye polo,
ukazilaza hivyo usiku kucha,
haziibwi, hazinyeshewi,
zinakosa pumzi tu.
Ukifungua alfajiri, mpeta.
Mguu nao una mapolo yake, manne,
na kitambaa chake hakitanuki.

Lete kidole gumba. Nakinyoosha polepole.

Umepiga ukelele hadi wodi ya wazazi wameamka,
na sindano ya maumivu nimekudunga saa nzima iliyopita.
Mjomba anasema mstahamilivu hula mbivu.
Usiku huu sitaki ustahamilivu, Shaame.
Lia. Lia nikiwa nimeshika simu,
daktari akusikie mwenyewe, aache kitanda chake.

Atakupasua pande mbili, goti hadi karibu na kifundo,
na hatashona. Atauacha wazi.
Mama yako akija na uji atadhani tumekuchinja.
Mwambie Mize wa zamu ya usiku kasema:
hatujamchinja mtu hapa,
tumeuanika.