Namba 114

Kijana wa kamati alinishika mkono kama mchoma chanjo,
akaniandika kwa kalamu nene: moja, moja, nne.
"Haitatoka leo wala kesho," alisema. Sikumwamini.
Madoa nayajua. Mwaka wa kumi na tisa huu
namenya viazi na bitiruti katika jiko la shule ya Kuusejärv,
na kila jioni mikono yangu hurudi kuwa mikono.

Suti ya mpira ni ya kaka yangu, Tarmo.
Ilinibana kama soseji ninazokaanga Alhamisi.
Ziwa halikuwa na mawimbi. Lilikuwa na baridi tu,
baridi nyeusi yenye harufu ya majani yaliyooza,
nasi watu arobaini na sita tumezama hadi kiunoni,
kila mmoja akijifanya anarekebisha miwani.

Honi.

Sikujua kuwa watu wema hupiga mateke.
Kisigino cha fulani, kiwiko cha fulani, povu,
na pumzi yangu, niliyoifuga bwawani msimu mzima wa theluji,
ikanitoroka kwenye boya la kwanza kama mdeni aliyeniona sokoni.
Nikalala chali. Nikatazama mawingu.
Msichana wa mtumbwi wa uokoaji akauliza, "Uko salama?"
Nikamjibu kweli: "Sijajua bado."
Kisha nikaanza kuhesabu sahani, maana ndiyo hesabu yangu:
sahani, sahani, pumzi,
sahani, sahani, pumzi,
shule nzima ikala, ikarudia, ikashiba,
ndipo mchanga ukanigusa tumbo.

Kwenye vyuma vya kuegeshea ilibaki baiskeli moja.
Ni rahisi kuitambua yako
ukiwa wa mwisho.

Barabara inapanda hadi penye nguzo ya umeme
na kiota cha korongo juu yake.
Korongo alinitazama, kasimama kwa mguu mmoja.
Starehe zake! Mimi hii miwili haikunitosha.
Lakini mteremko, jamani,
ule mteremko wa mashamba ya shayiri,
nilipiga kelele isiyo na maneno,
na nilipofika chini meno yalikuwa yamekauka kwa upepo:
kumbe nilikuwa nacheka, peke yangu, na umri huu.

Miguu niliyoshuka nayo si niliyopanda nayo.
Hii ilikuwa ya meza. Nikaikimbiza hivyo hivyo.
Na watu wakanipigia makofi, furaha imepita kipimo,
nami nikawapungia mkono kilomita nzima
nikidhani wamenipenda,
mpaka Leelo, binti wa jirani, akapiga yowe:
"Urve! Helmeti!"

Ilikuwa bado kichwani, na kamba yake imefungwa vizuri.

Mzee Heino, miaka sabini na mmoja, aliyechelewa kwa mnyororo kukatika,
akanipita papo hapo. Hakucheka.
"Huenda ikanyesha," alisema, akaenda zake.
Nami nikaenda zangu, helmeti kwapani kama boga la kuiba,
nyuma yake, halafu nyuma yake sana.

Waliokuwa wakikunja bendera waliikunjua tena.
Saa ilisema ilichosema.
Mwanamume nisiyemfahamu akanipa bakuli la supu ya njegere,
na mkono wangu ukatafuta upawa, kwa mazoea,
usijue la kufanya na bakuli lililokwisha kujaa.
Nikala nimesimama, miguu mitupu kwenye nyasi.
Chumvi haikukolea. Nikaomba tena.

Jumatatu nimesugua kwa sabuni, kwa siki, kwa limau.
Namba ipo, imekaa juu ya kiwiko kama mpangaji.
Kwenye foleni, mtoto wa darasa la pili akaikazia macho.
"Hiyo ndiyo bei yako?"

Nikamwongezea viazi.
"Ilikuwa," nikamwambia. "Imepanda."