Nyuki Juu ya Antena, Isevya

Saa nane na dakika tisa mchana
taa ya kijani ikageuka njano.
Nikapanda paa la kituo, bati likiniunguza viganja,
nikawakuta: bonge la nyuki, zito kama furushi la mgeni,
wameikumbatia antena yote,
kile kikombe cheupe kisichozidi kata ya maji.

Nikashuka.
Nani abishane na nyuki, jua la saa nane, Tabora?

Ndani ya kabati la chuma
mashine ilishaachwa peke yake.
Tangu Jumatatu ilikuwa ikisikiliza setelaiti tisa, kumi,
zinazopita juu ya Uyui bila kutupa kivuli,
kila moja ikirudia yale yale:
mimi niko hapa, na saa yangu ni hii.
Tatu zinakwambia ulipo.
Ya nne inakwambia saa yako inakosea kiasi gani.
Kwa ajili ya hiyo ya nne
nalipwa mshahara.

Sasa hata moja haisikiki.
Maji ya miili ya nyuki yameinywa sauti
iliyotoka kilomita elfu ishirini
ikafika hapa nyembamba kuliko mnong'ono gulioni.

Basi mashine ikarudi kwenye fuwele yake,
chembe iliyofungiwa ndani ya tanuri dogo,
joto lile lile, isijue kipupwe wala masika,
inatetema mara milioni kumi kwa sekunde
na kujikumbusha:
jana nilikuwa nakimbia kidogo hivi,
basi leo nijizuie kidogo hivi.
Chuoni walituambia huko ndiko kushikilia.
Mama yangu, tangu baba ahamie Mpanda,
bado anapika ugali wa watu wawili saa mbili kasoro robo.
Siku hizi ni saa mbili na robo.

Nikampigia Mihayo, mrina asali.
"Jioni," akasema. "Hao wanapumzika tu.
Malkia wanaye, nyumba hawana."
"Siwezi kungoja. Minara ya mkoa mzima inasoma saa kwangu."
"Kwani imekosea sana?"
Nikatazama. "Sehemu moja ya milioni ya sekunde.
Labda moja na nusu."
Akacheka mpaka salio likamwishia, au langu.

Nikangoja.
Nikakagua hesabu ya waya: mita thelathini toka paani,
na kila mita inaichelewesha sauti
kwa kitu kisichotosha hata kope kuanza kushuka.
Nilishaiambia mashine ikitoe.
Nani mwingine mjini humu
anadaiwa urefu wa waya wake?
Treni ya Kigoma, ya saa kumi,
ikaingia saa kumi na mbili kasoro,
na wauza asali wakaipokea kwa shangwe
kama iliyowahi.

Giza lilipoanza akaja, na moshi wake, na sanduku,
akawakomba kwa mkono mtupu, taratibu,
kama mtu anayempokonya mtoto usingizini.
"Moshi elfu kumi na tano," akasema.

Njano.
Setelaiti ya kwanza ikaanza kueleza njia yake;
maelezo hayo huchukua nusu dakika, haiharakishwi.
Njano.
Ya pili. Ya tatu. Ile ya nne.
Kijani.

Ilikuwa imeteleza sehemu tatu za milioni.
Haikuruka kurudi. Ilijivuta polepole
kama aliyechelewa misa
asiyetaka viatu vyake visikike.

Kioo kikaandika 16:31, saa ya mbali huko.
Nikaongeza tatu, nikatoa sita, kama kila siku,
nikaandika daftarini: saa moja na dakika thelathini na moja, usiku.

Mihayo alikuwa akifunga sanduku nyuma ya baiskeli,
likinguruma.
"Hebu nipe hiyo saa yako ya mbinguni."
Nikampa. Akatazama ya mkononi mwake:
nyuma dakika saba.
Akaigusa kitufe, akasita.
"Iache," akasema. "Imeshanizoea."